Chumba cha Mwisho Hakikaguliwi

Waliokosa gazeti la wiki jana hawakukosa kitu ila aibu yangu. Kwa ufupi, mimi ni mkaguzi wa nyumba za kupanga. Kazi yangu ni kuingia vyumbani mwa watu na kuangalia waya, mabomba, mitungi ya gesi na madirisha, ili wasije wakafa kwa moto au moshi. Ni kazi ya heshima. Aliyekosa heshima ni mimi.

Mtakumbuka niliingia chumba cha watu bila hodi, kifua mbele, tochi mkononi, nikamkuta mzee anaoga kwenye beseni. Mtakumbuka pia kwamba badala ya kutoka mbio, nilimuuliza soketi iko wapi. Ambalo sikulijua siku ile ni kwamba mzee yule ni baba mkwe wa bosi wangu.

Basi tuendelee kuanzia hapo, maana sikufa, ingawa nilitamani.

Bosi wangu ni mama mpole. Mtu mkali akikugombeza, yanaishia hapo hapo. Mpole akikugombeza, unaondoka nayo mpaka nyumbani, unakula nayo, unalala nayo.

"Kaa," akaniambia.

Nikakaa.

"Baba mkwe hataki tena kuoga. Anasema mpaka ahakikishiwe kwamba haupo kazini."

"Nisamehe, mama."

"Nisikilize. Wale ni wapangaji, si wafungwa. Mtu akishapanga chumba ni kwake, hata kama ukuta ni wa mwingine. Kuanzia leo huingii popote mpaka mpangaji apewe taarifa siku moja kabla, na yeye mwenyewe akubali. Akikataa, usibishane naye. Njoo kwangu, tutafute njia. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Likija lalamiko jingine nakuhamishia kwenye makaro ya vyoo. Kule ingia utakavyo."

Jioni nilimsimulia mke wangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akanipa ushauri, kama kawaida yake, bila kuombwa.

"Pita mlango kwa mlango. Ongea na kila mtu pembeni, kwa sauti ya chini. Asiyekuwepo, mpigie simu."

Mke wangu ni muuguzi. Amezoea kuongea na watu pembeni, pazia limefungwa. Mimi nikamwona ni mtu wa mambo madogo madogo.

"Nyumba ina vyumba kibao," nikamwambia. "Nitashinda mlangoni kwa watu mpaka lini?"

"Sasa utafanyaje?"

"Niachie mimi."

Ndugu zangu, maneno hayo mawili yametangulia kila janga langu. Nikiyasema siku hizi, wanangu huanza kuondoa vyombo mezani.

Nilikwenda kwa jirani yetu, muuza sumu ya panya, nikaazima kipaza sauti chake. Akanivisha mkanda shingoni mwenyewe, akanionya.

"Kitufe cheusi unaongea. Chekundu usikiguse. Lile ni tangazo langu la biashara, likianza halisimami mpaka liishe."

Siku ya pili niko mbele ya nyumba yenye geti la kijani. Mama mwenye nyumba alikuwa amenieleza nani anaishi wapi, na mimi sikutaka mtu aseme hakuambiwa. Nikapanda juu ya tofali, nikakohoa, nikabonyeza cheusi.

"Halo, halo! Wapangaji wa geti la kijani! Kesho asubuhi kuna ukaguzi! Hatuingii bila ruhusa, tunaheshimu faragha zenu!"

Watu wakasimama. Muuza viatu akaacha kupiga brashi. Nikanogewa.

"Chumba cha kwanza, kinyozi! Ile soketi yako iliyoungua tumeisikia! Cha pili, mama mapacha! Mtungi wa gesi usikae karibu na kitanda! Cha tatu, mwalimu uliyeachana na mkeo! Tunajua unapikia sakafuni! Na chumba cha mwisho, kule nyuma karibu na bafu, dada fundi wa magauni ya harusi, mgeni wetu, mwenye binti mdogo mwenye pengo! Unatumia pasi ya umeme, nawe jiandae!"

Faragha hiyo, mtaa mzima uliipata.

Wakapiga makofi. Nikainama kuwashukuru, kidole kikateleza kwenye chekundu, na kipaza sauti kikaendelea chenyewe: "Panya! Mende! Kunguni! Wote kwishaaa!" Mpaka leo wapo wanaoamini kwamba huo ndio ukaguzi wenyewe.

Nilikuwa bado nakipiga piga kinyamaze, geti likafunguka, mkono ukanivuta ndani. Alikuwa mwanamke mwenye futi ya kitambaa shingoni na pini zimechomekwa kifuani. Nikajua ndiye fundi.

"Kaka, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, dada. Ni taarifa tu. Ni haki yako."

"Haki yangu kupigiwa kelele barabarani? Umetaja kazi yangu. Umetaja chumba changu. Umetaja mpaka pengo la mwanangu!" Akachungulia nje, akafunga geti. "Kuna mtu anatutafuta."

"Nani?"

"Baba yake."

Akashusha kola ya gauni kidogo. Chini ya shingo alikuwa na kovu pana, upande mmoja limechongoka. Sikuhitaji kuambiwa, lakini akaniambia.

"Ni pasi. Pasi yangu mwenyewe. Tulikimbia akiwa amelala. Hapa tumetulia, mtoto ameanza kucheza nje. Dirisha nimelipigilia misumari, mlango nimeutia komeo."

Hapo ningepaswa kumpa pole. Lakini ukaguzi uko damuni, ukaniruka mdomoni kabla ya utu.

"Misumari dirishani? Ukitokea moto mtatokea wapi?"

"Moto haujawahi kunitafuta, kaka. Yeye ananitafuta."

Niliona aibu, na safari hii haikuwa ya kuchekesha. Akaniomba jambo moja tu: kesho chumba chake kisifunguliwe. Mlango ukiwa wazi, watu watachungulia, na wakishachungulia wataongea.

"Dada," nikamwambia, "niachie mimi."

Mtu mwenye akili angeondoka kimya akamweleza bosi. Bosi alisema wazi kabisa: akikataa, njoo kwangu. Lakini mimi nilifikiri hivi: kosa limefanyika hadharani, basi nalo lisahihishwe hadharani. Nikarudi juu ya tofali.

"Halo! Marekebisho! Chumba cha mwisho hakikaguliwi! Narudia, chumba cha mwisho hakikaguliwi! Mpangaji amekataa na ni haki yake! Na mtu asiulize kwa nini!"

Nilipogeuka, yule dada alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili. Nikadhani amefarijika.

Asubuhi iliyofuata nikafika, kipaza sauti shingoni, maana muuza sumu alikuwa bado hajakidai. Mama mwenye nyumba alikuwa ananingoja getini na mwanamume mmoja wa makamo, shati limenyooka kwa pasi, kucha safi, maneno ya adabu. Alikuwa amemshikia mama mkoba.

"Shikamoo, mkubwa," akaniamkia, ingawa kwa umri tulikuwa tunalingana. "Pole na kazi. Lete tochi nikusaidie."

Nikampa. Nikasema moyoni huyu ni mpwa wa mama, na amelelewa vizuri.

Tukaanza. Jamani, chumba cha kwanza kilimetameta. Soketi imefunikwa vizuri, hakuna waya wa kuungaunga, hakuna jiko. Kinyozi alikuwa amekaa kitandani wima, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Chumba cha mama mapacha nacho vilevile.

"Mama, jiko liko wapi?"

"Hatupiki siku hizi."

"Na watoto?"

"Wanapenda matunda."

Pacha mmoja akamvuta khanga. "Mama, mtungi wetu utarudi lini?"

Mama akamziba mdomo huku anatabasamu. Mtu mzima mwenye cheo cha ukaguzi angeuliza swali hapo. Mimi nilimpongeza kwa lishe bora.

Kwa mwalimu kulikuwa na alama ya duara sakafuni, safi, vumbi limeizunguka. Nikaitazama kwa makini ya kitaalamu. Nikakata shauri kwamba mwalimu huweka ndoo pale.

Yule bwana wa tochi alikuwa kila mahali. Anamulika nyuma ya pazia, anamulika chini ya kitanda, anasogeza nguo zilizotundikwa. Nikasema moyoni, huyu ana jicho la ukaguzi, nitamwombea kazi.

"Mkubwa," akaniambia tukiwa uani, "kazi yako ni ya kuokoa roho za watu. Sijui kama wanakuthamini."

Kichwa kikanivimba pale pale.

"Hawanithamini," nikasema.

"Na kile cha mwisho?"

"Hicho hakikaguliwi. Kuna dada ana mambo yake."

"Yule mwenye mtoto wa pengo?"

"Umemjuaje?"

"Si ulitangaza jana, mkubwa?"

Kweli nilitangaza. Nikaridhika. Sikujiuliza hata yeye alikuwa wapi nilipotangaza. Mtu akishakuita mkubwa mara kadhaa, masikio yanaziba kidogo.

Wapangaji walikuwa wamejaa uani wanasubiri niondoke. Sijawahi kuona watu wananipungia mkono wa kwaheri kwa furaha vile. Nikaanza kuelekea getini, nikapita karibu na bafu. Hapo nikasikia harufu.

Mke wangu husema pua yangu ni pambo. Sufuria inaweza kuungua hadi kitako nami nimekaa jikoni nasoma gazeti. Lakini harufu ya gesi naijua hata usingizini. Nikafuata ukuta mpaka mlango wa chumba cha mwisho.

Gesi ya mtungi haipandi, inatambaa chini. Kwa hiyo nikapiga magoti, nikaweka pua kwenye uwazi ulio chini ya mlango. Mbele ya nyumba nzima, mkaguzi wa serikali, matako juu, ananusa chini ya mlango wa mwanamke. Kifua kikagusa sakafu, na kitufe chekundu kikafanya kazi yake.

"Panya! Mende! Kunguni! Wote kwishaaa!"

Hakuna aliyecheka. Harufu ilikuwa kali mno.

Ndani sauti ikauliza: "Ni wewe, mkaguzi wa panya?"

"Ni mimi, dada. Humo ndani kuna gesi!"

"Najua. Inanuka tangu alfajiri. Nilidhani itaisha mkiondoka, waje wachukue vitu vyao."

"Vitu vya nani?"

"Vya wenzangu. Baada ya tangazo lako la pili walileta wote. Mitungi, majiko, na waya zao. Walisema, chumba changu si hakikaguliwi?"

Nikainua kichwa nikawatazama wapangaji. Kinyozi alikuwa anatazama mawingu. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake. Mama mapacha alishaanza kulia.

"Ukakubali?"

"Hao ndio wanaonilindia geti, kaka. Ningewakatalia kwa uso gani?"

Kumbe chumba kile kimoja nilichokiheshimu ndicho nilichokijaza hatari za nyumba nzima.

"Funga ule mtungi unaovuja!"

"Nimejaribu. Imepangwa mpaka juu, mingine imelazwa nyuma ya cherehani. Sijui ni upi, sifiki."

"Pasi?"

"Nimeichomoa."

"Usiguse swichi yoyote. Usiwashe hata kiberiti. Fungua diri..." Nikakumbuka misumari, nikameza neno.

Nikamgeukia mama mwenye nyumba. "Mama, kazime umeme wote kule kwenye mita. Watu watoke nje, wasiwashe kitu!"

"Mtume msaidizi wako! Mimi miguu yangu hii?"

"Msaidizi wangu yupi?"

"Huyu mwenye tochi!"

"Huyu si mpwa wako?"

"Mpwa wangu? Mimi nilimkuta getini, akasema anakungoja wewe."

Tukamgeukia wote wawili. Alikuwa amesimama nyuma yangu, ametulia, shati lake limenyooka. Ameshaweka tochi yangu mfukoni. Akaweka kidole mdomoni kutuambia tunyamaze.

Mama mwenye nyumba hakuelewa, lakini aliogopa. Miguu yake ikapona ghafla. Nikamsikia anakimbia kuelekea mita, anapiga kelele watu watoke. Ua ukawa mtupu kwa muda mfupi kuliko ninavyoweza kueleza. Nikabaki mimi, mlango, na yule bwana.

Akachuchumaa karibu yangu. Mkono wake ukanikaa begani, mzito. Akaninong'oneza sikioni, kwa adabu ile ile.

"Nashukuru kwa tangazo, mkubwa. Nimezunguka sana bila msaada wa mtu."

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kupigana. Maishani mwangu nimepigana na mbu, na sijashinda. Nilimwingiza mwenyewe. Nilimpa tochi, nikamfungulia kila chumba, nikataka kumwombea na kazi. Nilijichukia kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

"Ondoka," nikamwambia, kwa sauti iliyotoka kama ya kifaranga.

"Nitaondoka nao. Mwambie afungue, watu wasife." Akanong'ona taratibu, kama ananifundisha. "Mwambie uko peke yako."

Nikatazama mlango. Ule mlango ni wa mbao nene, na komeo lake liko ndani. Kuuvunja kwa chuma, cheche moja tu ingetosha kutumaliza sote. Nikisema kweli, hatafungua. Nitakuwa nimemfungia na gesi, dirisha limepigiliwa na mwanawe yumo. Nikisema uongo, atafungua, na atakayemkuta mlangoni ni huyu.

Ndani nikasikia mtoto.

"Mama, kichwa kinauma. Nataka kulala."

"Usilale, mwanangu. Kaa, nishike shingoni. Usilale."

Kisha hatua zake zikasogea mpaka mlangoni. Alikuwa karibu sana, nasikia pumzi yake kwenye ule uwazi wa chini. Bosi wangu aliniagiza nisiingie popote mpaka mwenye chumba ajue na mwenyewe akubali. Mwenye chumba alikuwa anajua. Sasa alikuwa anataka kukubali.

"Mkaguzi," akasema kwa sauti ya chini, "uko peke yako?"

Mkono ukanibana bega. Upande wa pili wa mlango komeo likasogea kidogo, likasimama, likangoja jibu langu.